Kiini cha Tanuri

Pale kiwanda cha mikate hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bwana Subiri, kwa sababu neno hilo ndilo lililomtoka kila alipoulizwa kitu. Meneja akitaka kujua tanuri litawaka lini, subiri. Waokaji wakiuliza kama waanze kukanda, subiri. Hakuwa mvivu hata kidogo, ila kazi yake yenyewe nusu ilikuwa kungoja kompyuta imalize kujenga.

Alichokuwa akijenga ni kiini, programu ya chini kabisa, ile inayoamka kwanza na kuongea na vyuma vya mashine. Programu nyingine zote hukaa juu yake kama kuta juu ya msingi. Viini vya kawaida havikulielewa tanuri lile kubwa la umeme. Waliolitengeneza walishafunga biashara, wakaondoka na siri zao. Basi zamani Bwana Subiri aliketi akaandika kipande cha kuongea nalo, akakishonea ndani ya kiini, akakijenga upya, na tanuri likatii. Kiwanda kizima kilimpigia makofi. Hakujua kuwa siku ile alikuwa anafunga ndoa na tanuri. Kuanzia hapo hakuwahi kwenda likizo akaimaliza.

Asubuhi tunayoisimulia aliingia kazini na begi la safari begani. Dada yake mkubwa alikuwa amempigia simu kutoka mji wa pili: mama amelazwa, utumbo umejisokota, daktari anataka kumpasua leo leo, na mama amekataa katakata. Amesema haingii chumba cha upasuaji mpaka amwone kitindamimba wake.

"Unamjua mama," dada alisema. "Ameshika kitanda kama anaibiwa."

Alipita kiwandani kuomba ruhusa tu. Akakuta tanuri limepoa na waokaji wamekaa juu ya magunia ya unga. Diski ya kompyuta ya tanuri ilikuwa imekufa. Fundi wa umeme alikuwa ameshanunua mpya, lakini ni ya aina nyingine, na kiini cha zamani hakikuijua.

Meneja, mama mmoja mwembamba ambaye wasiwasi ulikuwa umemmaliza, alimpokea mlangoni.

"Kaka, nakuomba kwa jina la Mungu. Washa hili tanuri, kisha nenda hata mwezi mzima."

"Mama yangu yuko hospitali, bosi."

"Najua, na pole sana. Lakini na hospitali hapa mjini inakula mkate wetu. Wagonjwa wa watu wengine nao wale nini?"

Meneja alipogeuka, Bwana Subiri akaelekea getini. Mlinzi akasimama mbele ya komeo.

"Nina amri, Bwana Subiri. Hutoki mpaka tanuri liwake."

"Na nikiruka ukuta?"

"Kwa kitambi hicho?" Mlinzi alicheka, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha. "Nisamehe, ndugu yangu. Nami nina watoto."

Akarudi chumba cha mitambo. Kilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha la nje, kina kioo kimoja tu kinachotazama mdomo wa tanuri. Unga ulikuwa umeganda kwenye mapanga ya feni. Akafungua kompyuta yake ya mezani, ile ya kujengea, akaanza kujibu maswali. Kabla ya kujenga kiini huulizwa juu ya kila kipande: kikae ndani ya kiini, kiwekwe kando kwenye diski kiitwe kikihitajika, au kisiwepo kabisa? Kompyuta ya tanuri ilikuwa na kumbukumbu ndogo, kwa hiyo alishajizoesha: cha tanuri ndani, vingine vyote kando. Kando, kando, kando. Mkono ulikwenda wenyewe, roho ikiwa hospitali.

Kiini kikaanza kujengwa. Mistari ikawa inapanda kwenye skrini polepole. Mwokaji mmoja aliyeitwa Hamira, kwa kuwa akicheka huumuka mwili mzima, alichungulia.

"Vipi, daktari wa tanuri?"

"Subiri."

"Siku ukifika mbinguni utamwambia malaika asubiri."

"Hamira, leo usinichekeshe. Mama yangu hali mbaya."

Hamira akaingia, akakaa juu ya ndoo, akangoja naye. Ni wema ambao familia yetu haijausahau.

Kiini kilipokamilika alikinakili kwenye flashi, akakipeleka kwenye kompyuta ya tanuri, akawasha. Mistari ilishuka mbio, kisha ikasimama. Mstari wa mwisho ulisema diski yenye mfumo haionekani. Akabadili waya, akawasha tena. Ikakwama palepale. Akaona pengine kazi yote imeharibika tangu mwanzo, na kwa hasira akafuta kila kilichojengwa ili aanze upya.

Alipokwisha kufuta ndipo alipoliona kosa. Kile kipande cha kuongea na diski mpya alikuwa amekiweka kando, na kando maana yake ni juu ya diski yenyewe. Kiini kilihitaji kipande kile ili kuifungua diski, na kipande kilikuwa ndani ya diski isiyofunguka.

"Nimefungia ufunguo ndani ya nyumba," alimwambia Hamira.

"Si uutoe?"

"Nautoa. Jibu moja tu nabadilisha. Lakini nimeshafuta kazi yote. Inabidi kijengwe chote tena."

Akabadilisha lile jibu, kipande kikae ndani. Akaanza upya. Mistari ile ile ikaanza kupanda, bila haraka, kama haijui kuna mtu duniani anakufa. Akainamisha kichwa juu ya kibodi akaomba. Hakuomba muujiza mkubwa. Aliomba mistari iende mbio.

Simu ikalia. Ni dada.

"Uko wapi? Daktari amekuja mara nyingine. Anasema tukichelewa zaidi hatamgusa tena. Mama bado amekataa."

"Mpe simu."

Sauti ya mama ilikuwa ndogo, imekauka. "Baba, umefika?"

Angeweza kusema yuko njiani. Neno lilimfika mdomoni akalimeza.

"Sijafika, mama. Niko kazini, nimefungiwa. Tanuri halijawaka."

"Basi nitakusubiri."

Neno lake mwenyewe, lile alilokuwa akiwapa watu maisha yake yote, sasa lilikuwa linarudi kumuua mama yake. Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Usinisubiri, mama. Nakuomba. Ingia."

"Nikiingia nisitoke je?"

"Utaingia na Mungu. Mimi nitakuwa mlangoni ukitoka. Usinisubiri hata dakika moja."

Akasikia mama akimwambia dada, kwa ukali wake wa siku zote, "Mwite huyo daktari. Na mwambie anawe mikono."

Bwana Subiri alikaa chini sakafuni, maana kiti kilikuwa kimeanguka. Hamira alikiinua.

Jua lilikuwa limeshaelekea magharibi kiini kilipokamilika. Akawasha. Mistari ikashuka, ikapita pale ilipokwama, ikaendelea. Nyuma ya kioo mdomo wa tanuri ukaanza kuwa mwekundu. Waokaji wakapiga kelele. Yeye alikuwa ameshabeba begi.

Mlinzi alifungua geti kabla hajalifikia. "Nenda, ndugu yangu. Nenda."

Basi la mwisho lilikuwa limeondoka. Alisafiri na gari lililopeleka mikate ya kwanza mji wa pili, kati ya kreti zenye joto.

Alipofika, mama alikuwa ametoka salama chumba cha upasuaji, amelala. Mwenyezi Mungu alitujalia siku chache naye baada ya hapo, kisha akamchukua kwa upole. Lakini asubuhi ile ya kwanza alifumbua macho akamkuta kitindamimba ameushika mguu wake juu ya shuka.

"Umekawia."

"Nilikwama, mama."

"Limewaka?"

"Limewaka."

"Basi kaa."

Akakaa. Simu ikaanza kutetemeka mfukoni mwake, ikaacha, ikaanza tena. Ilikuwa namba ya meneja. Akaitazama, akamtazama mama, hakujua aiweke wapi.

"Pokea," mama alisema, amefumba macho. "Waambie wasubiri."