Magurudumu Yaliyobanduka

Kuna watu wanakuchekea huku wanakuchimbia shimo, na wifi yake Mama Magurudumu alikuwa wa kwanza kwenye foleni yao.

Jina hilo Mama Magurudumu alipewa na wachukuzi wa sokoni, kwa kuwa magurudumu ya mikokoteni yao aliyatengeneza yeye, kwenye karakana nyuma ya nyumba yake. Malighafi yake ilikuwa takataka: chupa za poliesta na kamba kuukuu za nailoni. Sasa vitu hivyo viwili ni wake wenza. Viyeyushe pamoja upendavyo, vikipoa kila kimoja kinashika njia yake, na gurudumu linabanduka kama kitunguu. Alihangaika sana, mpaka alipojaribu kutia kidogo resini ya epoksi, ile gundi kali ya mafundi, kwenye nailoni kabla ya kuichanganya na poliesta. Resini ikazishika zote mbili. Gurudumu alilopata aliligonga nyundo, nyundo ikaruka nusura imng'oe jino. Alicheka peke yake kama mwehu.

Siri hiyo aliwapa watu wawili tu: mumewe, aliyepeleka mzigo kwa wateja, na wifi yake, aliyepewa kazi ya kupima na kuchanganya.

"Umeniibia kaka yangu, halafu unanipa na gundi ya kumnatisha!" wifi alimtania, na wote wakaangua kicheko.

Mama Magurudumu alishika mashine na kalibu za kumiminia. Pipa la kuchanganyia hakuligusa; lilikuwa la wifi. Alimwamini. Mtu wa nyumbani utamwaminije nusu nusu?

Basi magurudumu yakaanza kupasuka. Mkokoteni wa saruji ulipinduka sokoni ukamvunja mchukuzi mguu, na wenzake wakaja juu: "Mama, umetuuzia biskuti!" Aliomba radhi mpaka sauti ikakauka. Akajilaumu: labda moto umezidi, labda nailoni haikukauka vizuri. Akapunguza moto, akaanika upya. Wapi! Wachukuzi wakahamia karakana mpya iliyofunguliwa ng'ambo ya soko. Wifi naye akaaga, eti mgongo unamsumbua.

"Pengine mkono wako umechoka, mke wangu," mumewe alimwambia kwa upole. "Pumzika." Naye, maskini, akaanza kuamini kwamba amekwisha.

Siku moja alikaa na gurudumu lililovunjika, akalichunguza palipopasukia. Matabaka! Poliesta huku, nailoni kule. Alipoingiza ukucha, zikaachana kwa urahisi. Wala si moto, wala si unyevu: resini haikutiwa kabisa. Kikulacho ki nguoni mwako. Aliyepima ni mmoja.

Akaenda ng'ambo ya soko. Nani yuko mlangoni mwa karakana mpya, mgongo mzima, anaamrisha vijana? Wifi.

"Karibu, wifi! Riziki ni ya wote, au siyo?"

"Resini yangu ulikuwa unaileta huku."

"Mbona unasema kama mtu mwenye homa?" Wifi akacheka.

Mama Magurudumu hakugombana. Alinunua gurudumu moja, akarudi nalo, akaliweka kwenye sakafu ya karakana yake na kuanza kuligonga. Hasira ilimpanda. Alitaka lipasuke. Alitaka awe amekosea yeye, resini isiwemo, wifi awe mtu mwema, yaishe. Gurudumu halikupata hata ufa. Alikuwa akipigana na kazi yake mwenyewe.

Mumewe akaingia, akamtazama anavyotokwa jasho, uvumilivu ukamshinda.

"Acha, mama! Hilo hulipasui. Resini yake nimepima mwenyewe."

Nyundo ikabaki hewani. Mumewe alijishika mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Wewe?" aliuliza mkewe. "Uliyeniambia mkono wangu umechoka?"

"Na yeye alitaka kusimama kwa miguu yake. Ni dada yangu. Ningefanyaje?"

"Na mimi ni nani yako?"

Mumewe alitazama gurudumu pale sakafuni, akatazama mlango. Mkewe akaweka nyundo chini, akaenda kusimama mlangoni.