Kibati cha Mama Taa

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mama Taa ni kwamba alituhesabu. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Tulikuwa tumetoka kupima nyasi juu ya vifusi vya mgodi wa zamani, na kila mmoja alikuwa akiwahi gari. Yeye alisimama langoni, akawa anamgusa bega kila anayepita huku midomo ikimcheza. Alipofika kwangu akasita, akanitazama usoni kama anayeniandika mahali.

"Kumi na mbili," akasema. "Haya, wote mpo juu. Nendeni."

Fundi wa msumeno, mtu wa mizaha, akaninong'oneza: "Zoea, mdogo wangu. Hapa hata ukienda chooni unahesabiwa."

Mama Taa ndiye msimamizi wa kitalu chetu. Kila mche uliosimama leo mahali palipokuwa vumbi na mawe umepita mikononi mwake. Lakini jina hilo alilipata enzi za mgodi, alipokuwa akitunza chumba cha taa: dirisha dogo, rafu za taa za kofia, na ubao uliojaa misumari. Kila anayeshuka alipewa taa, akatundika kibati chake cha shaba chenye namba. Akipanda, anarudisha taa na kuchukua kibati. Kibati kilichobaki ubaoni kilimaanisha mtu aliyebaki chini.

"Ule ubao haukuwahi kudanganya," aliniambia siku moja tukijaza udongo kwenye viriba. "Mpaka nilipousaidia."

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, mwembamba kiasi kwamba wenzake walimwita Kijiti. Wazazi wao walikufa mapema, na dada ndiye aliyemlea. Ni dada pia aliyemsihi msimamizi wa mgodi wiki tatu mfululizo mpaka Kijiti akaajiriwa. Kila asubuhi kijana alikuja dirishani na maneno yake: "Dada, hii taa ya jana inakohoa. Nipe yenye afya."

Siku moja alikuja na kibati kisicho chake. Rafiki yake alikuwa anaumwa, na alikuwa ameshakosa kazi mara mbili. Akikosa ya tatu, angefukuzwa.

"Fumba jicho moja tu, dada. Leo nafanya zamu yake, naye akipona atafanya yangu."

Dada akafumba. Saa sita mchana akamkabidhi mwenzake chumba, akaenda nyumbani. Saa nane njia ya chini ikaporomoka. Watu wakapanda, ubaoni kikabaki kibati kimoja. Waokoaji wakakimbilia nyumbani kwa mwenye namba, wakamkuta kitandani. Yule rafiki, kwa hofu ya kufukuzwa, akanyamaza. Wakaandika kwamba kibati kilisahauliwa, wakaacha kuchimba.

Mama Taa alipata habari jioni, akiwa ameshapakua chakula cha watu wawili.

Alikimbia kuwaambia ukweli, wakachimba siku tatu, wasimfikie. Baadaye mgodi ulifungwa, na mdomo wa shimo ukajazwa vifusi.

Miaka ikapita, ukaja mradi wa kurudisha misitu na nyasi ili ardhi ile ifunge kaboni, yaani inyonye hewa ya ukaa na kuishikilia. Mama Taa alikuwa wa kwanza kujiandikisha kibarua. Pale palipokuwa mdomo wa shimo alipanda mjohoro kwa mkono wake. Miti ilipofungwa vibati vya namba, wake ukawa mia sita arobaini na moja. Chini ya kibati hicho cha mradi alifunga kile cha Kijiti mwenyewe, alichokikuta kwenye mfuko wa suruali nyumbani. Kijiti hana kaburi jingine.

Sasa, mti uliosimama haupandi kwenye mizani. Ili kujua miti yote imefunga kaboni kiasi gani, michache hukatwa, hupimwa, hukaushwa na kupimwa tena, kisha hesabu yake hutumika kwa iliyobaki. Michache hiyo hupatikana kwa kura, maana tukianza kuchagua, hesabu yote inakuwa ya uongo. Mwaka huu karatasi za namba zilitiwa kwenye kofia, na mkono ulioingia ulikuwa wangu, kwa kuwa mimi ndiye mgeni. Karatasi ya nne ilikuwa mia sita arobaini na moja.

Nilimfuata kitaluni nikamshauri amwombe mkuu wa vipimo auache.

"Mimi na kuomba tumeshaachana, mwanangu," akajibu. "Niliomba mara moja, nikapewa."

Asubuhi ya kukata, fundi wa msumeno alifika kabla ya mkuu. Mizaha yote ilikuwa imemtoka.

"Mama, sikiliza. Huu wa jirani una unene uleule. Nahamisha kibati, dakika moja tu. Mkuu akija, mimi nakata kilichoandikwa. Nani atajua?"

Mama Taa alikishika kibati cha mradi kwa vidole viwili. Nikaona waya ukilegea. Akautazama mti wa jirani, kisha akaukaza waya upya.

"Hapana, baba. Nilishabadilisha kibati mara moja."

Akakifungua kile cha Kijiti, akakitia mfukoni, akarudi nyuma hatua kumi. Mti ulipoanguka hakulia. Alitufuata mpaka kwenye mizani, akasimama hadi kipande cha mwisho.

"Kilo ngapi?"

"Mia moja na kumi na nne, mama, ukiwa mbichi," nikasema.

"Kijiti hakufika hata sitini." Akacheka kidogo, akageukia pembeni.

Mjohoro huchipua tena ukikatwa, na mizizi yake hatukuigusa. Fundi aliacha kisiki cha shubiri mbili, akakizungushia miiba mbuzi wasikifikie. Tangu hapo, kila asubuhi Mama Taa hupita pale na kopo la maji kabla ya kwenda kitaluni, akipapasa gome kwa kidole gumba kutafuta chipukizi. Ni wiki ya tano sasa. Kile kibati cha shaba bado kipo mfukoni mwake, na waya mpya ameshaununua.

Jana jioni alituhesabu langoni mpaka kumi na mbili, lakini hakutuaga.

"Gome limevimba upande mmoja," akasema, akitazama mawingu. "Kesho mje mapema kidogo."