Kukuna Nazi Mbele ya Televisheni

Mke wangu aliposhika mimba ya tatu, daktari alimwambia alale, asiinuke ila kwa haja, mpaka siku zake zitimie. Mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Mamake alishafariki na dada zangu wameolewa mbali, kwa hivyo kazi za nyumba ziliniangukia mimi, karani wa ghala moja la Shimanzi, ambaye hadi wakati huo sikuwa nimeosha hata kikombe nilichonywea chai.

Tulikaa nyumba ya chini, Mji wa Kale, dirisha la sebule likitazama kichochoro na baraza ya jirani. Nilihamishia kitanda chake sebuleni, karibu na televisheni, maana kila alasiri kulikuwa na mchezo wa kuigiza wa nchi za mbali alioupenda kupita kiasi. Waigizaji walikuwa wametiliwa sauti za Kiingereza, na midomo yao iliwahi au ilichelewa kuliko maneno. Yeye Kiingereza hakukijua sana. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Tukapatana nimfasirie, naye anielekeze kazi.

Basi nikirudi kazini nilivuta mbuzi ya kukunia nazi mbele ya kioo cha televisheni, nikakaa juu yake, nikawa nakuna na kufasiri.

"Amesemaje?"

"Asema hatamsamehe mamake hata afe, kwa sababu alimficha babake miaka yote hii, na mali yote akampa..."

"We bwana! Mdomo umefunguka mara moja tu. Hayo mengine wayatoa wapi?"

Ni kweli, niliposhindwa kusikia nilijitungia. Alasiri moja tajiri wa mchezo alianguka ngazini, nami nikakuna macho yakiwa kwenye kioo mpaka meno ya mbuzi yakala kifuu. Tui likatoka rangi ya maji ya matope. Wali tuliula hivyo hivyo. Mke wangu alicheka akishikilia tumbo kwa mikono miwili, akiniomba nisimchekeshe zaidi.

Shida ilitoka barazani. Wenzangu waliokaa pale kwa kahawa walisikia mkwaruzo. Kwetu mbuzi hukaliwa na wanawake, na mtu wa Mombasa anaijua sauti ya nazi inayokunwa na mkono uliozoea. Wangu ulikwamakwama.

"Yakhe, huyo anayekuna hakufundwa!"

"Mkumbusheni kuchuja!"

Nilifunga dirisha. Kesho yake nikamwambia mke wangu naenda kunywa kahawa mara moja, nikakaa barazani hadi magharibi. Siku iliyofuata vilevile. Chakula nilinunua hotelini, nikajiona nimetimiza wajibu.

Siku ya tatu, nikiwa barazani, tulisikia nazi ikikunwa ndani ya nyumba yangu, kwa mwendo laini usiokwama.

"Naam," mmoja akasema, "huyo ndiye mwenyewe."

Wakacheka, nami nikacheka. Nilicheka kabla ya kufahamu.

Nilimkuta juu ya mbuzi, televisheni ikisema peke yake, uso umempauka. Alikuwa ameona damu. "Nimechoka na vyakula vya hoteli," aliniambia, kana kwamba yeye ndiye wa kuomba radhi.

Wale wale waliocheka ndio waliokimbia kutafuta teksi. Hospitalini muuguzi aliweka chombo chake tumboni, akasikiliza, akakihamisha, akasikiliza tena. Kisha akasema moyo wa mtoto unapiga. Nina makosa mengi maishani, na mengine niliyalipia. Hili nilisamehewa kabla sijaomba, na bado namshukuru Mungu, na mke wangu.

Tuliporudi nyumbani nilifungua dirisha, nikakaa juu ya mbuzi. Haikuchukua muda mtu wa barazani akaanza utani wake.

"Ngoja kwanza," nikamjibu, "tajiri anazinduka."

Kisha sauti ile ile ikauliza, "Amezinduka? Amemtambua mkewe?"

Tangu hapo nilifasiri kwa sauti ya kufika nje. Niliosha vyombo, nikachagua mchele, nikapiga pasi, yote mbele ya mchezo ule, na kazi sikuisikia uzito. Mmoja wao akawa analeta nazi iliyokwisha kukunwa na mkewe, akisema masikio yake hayawezi tena kuvumilia mkono wangu.

Sehemu ya mwisho ilionyeshwa mke wangu akiwa wodini. Tulipomleta binti yetu nyumbani, mzima, analia kwa nguvu zake zote hadi usingizi ukamchukua, nilikuwa nikifua nepi kwenye karai wakati wenzangu walipokuja dirishani kutusimulia mwisho wa mchezo. Walikuwa wameutazama pamoja kwa mmoja wao, bila mfasiri, na kila mtu alikuwa na mwisho wake. Mmoja alisema tajiri amekufa. Mwingine aliapa kwamba ameoa tena.

Mke wangu akainua pazia. "Shemeji zangu, semeni polepole. Mtoto amelala."

Wakaendelea kubishana kwa kunong'ona.