Mtu Wetu Ndani ya Kitabu cha Baba

Kitabu cha baba kilinuka moshi wa makaa na unyevu. Alikihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki chini ya godoro, nyumbani kwetu Munigi, karibu na Goma, na wakati wa likizo alikifungua mezani na kututafsiria Kifaransa chake taratibu. Kiliandikwa na mzungu aliyechimba kilima kimoja ng'ambo ya mji wa Kiwanja enzi za ukoloni, akitafuta mji wa kale. Kilikuwa na picha za vyungu na shanga, na moja ya mifupa ya mtu aliyelala ubavu. Chini yake paliandikwa kwamba ni mtu wa kale, asiyejulikana. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alimheshimu sana mzungu yule, kwa kuwa ndiye aliyethibitisha kwamba sisi pia tulikuwa na historia.

Nilipotimiza miaka kumi alinipeleka kwenye kilima hicho. Tulipanda lori lililokuwa likienda kuchukua maharage Kiwanja, kisha pikipiki, kisha tukapanda kilima kwa miguu. Nilitarajia kuta za mji. Tulikuta duara za mawe zilizomezwa na majani, na handaki refu la mzungu likikata kilima katikati. Kando yake palikuwa na mashimo mapya mengi. Watu waliamini kwamba hakuna anayetoka Ulaya kufuata vyungu, lazima ilikuwa dhahabu, kwa hiyo waliendelea pale alipoishia. Vigae vilivunjika chini ya viatu vyangu, nami nikatembea kwa ncha za vidole.

Ukingoni mwa handaki mwanamke mmoja alikuwa akipalilia maharage. Alijitambulisha kuwa Mama Kanyere. Baba alimsalimu, akamfungulia kitabu kwa fahari. Mama Kanyere aliifuta mikono kwenye kitenge, akaiangalia ile picha ya mifupa kwa muda mrefu.

"Mwalimu, nani alisema huyu hajulikani?"

Baba alimweleza kwamba ni mtu wa karne nyingi zilizopita.

"Hapana. Huyu ni ndugu mukubwa ya babu yangu. Angalia muguu: alianguka kwenye muti, mufupa ukaunga vibaya. Na hii bangili ilikataa kutoka, mukono ulikuwa umevimba. Wakamuzika nayo."

Alisema bila kupandisha sauti. Bibi yake aliwasimulia kwamba wazee walimwonyesha mzungu makaburi ili asiyaguse, naye akaanzia hapo hapo. Kisha akanyoosha mkono.

"Munipatie hii karatasi, tumuzike tena."

Baba alikifunga kitabu. Alisema kwamba hakuna kingine kama hicho Goma nzima, kwamba angemletea kopi. Mama Kanyere aliitikia kwa kichwa na kurudi kwenye jembe lake. Njia nzima niliona haya kumtazama baba, kwa mara ya kwanza maishani.

Kopi alitengeneza kweli, lakini picha ilitoka nyeusi tupu. Alipokuwa akitafuta mashine bora, vita vikafunga barabara. Viliponyamaza barabara ikafunguliwa, kisha ikafungwa tena. Baba alikufa bila kurudi kule, na tangu siku ile ya kilimani sikumsikia tena akitusomea kitabu hicho.

Mwaka jana, kati ya wakimbizi waliokimbilia Goma, nilisikia jina la kilima kile. Niliuliza hema kwa hema hadi nikampata binti wa Mama Kanyere. Mama yake alikuwa amefariki njiani. Nilikata ukurasa wenye picha ya mifupa kwa wembe, nikampelekea, nikamwomba msamaha kwa niaba ya baba. Nilimwuliza kama angependa tumzike mtu wa pichani siku hiyo.

Alitazama chini, kwenye mawe meusi ya volkano ambayo jembe halipiti.

"Hapa hapana udongo," alisema. Akaukunja ukurasa, akaufunga kwenye pindo la kitenge. "Na yeye amekuwa mukimbizi kama sisi. Tutarudi naye."

Nilipokuwa mtoto, safari ya kilimani ilikuwa ya nusu siku. Sasa sijui kama wataimaliza nikiwa hai.