Rafiki yangu aliniziba pumzi ndani ya banda la video Kaloleni, ndipo nikajua vita haikuishia kule

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa wote humu, shikamooni.

Hili nimekaa nalo muda mrefu sana. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea. Ukiona ni chai, stori ya kutunga, pita tu, sitakulaumu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, hapa hapa Arusha. Enzi za ruksa. Waliokuwepo wanakumbuka: sabuni za kunukia, redio kaseti, mitumba ya kila aina, vitu tulivyokuwa tunavisikia tu ghafla vimejaa barabarani.

Mimi nilitoka Machame, nikapanga chumba Kaloleni, nikaanza kuuza suruali za mitumba.

Meza ya jirani ilikuwa ya Anaeli. Mmeru, kwao ni juu ya Tengeru, kwenye migomba na kahawa. Alinizidi umri, kama kaka mkubwa. Yeye aliuza viatu. Mtu wa utani, mpole, anaimba besi kwenye kwaya ya usharika wao.

Tukashibana. Mchana tunakula makande sahani moja. Akienda kufuata mzigo, nauza meza zote mbili. Kimeru na Kimachame vinakaribiana, kwa hiyo tulikuwa tunawasengenya wateja mbele yao na hawajui.

Nilijua alipigana vita ya Uganda. Soko zima lilijua. Ukimuuliza anajibu, "Tulienda, tukarudi," halafu anaanza kupanga viatu upya. Sikuona cha ajabu.

Sasa, mabanda ya video ndiyo yalikuwa yameingia. TV moja, deki moja, mabenchi, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Anaeli alikuwa haendi. Anasema kuna joto.

Jumapili moja baada ya ibada nikamng'ang'aniza. Nikamwambia leo sio picha ya ngumi, leo ni stori ya marafiki wawili. Akacheka, akakubali.

Kweli ilikuwa ya marafiki wawili. Wanajeshi wamerudi kwao, mmoja yuko sawa, mwingine hakai ndani na watu. Mwenzake anamfuata kila siku, anamletea chakula, anaongea naye. Pembeni ya TV alisimama jamaa anatafsiri. Nusu anatafsiri, nusu anatunga, watu wanacheka.

Anaeli alikuwa hacheki. Nikadhani imemnogea.

Basi ikafika scene ambayo yule mgonjwa anakumbuka vita. Wamelala kwenye majani marefu. Mmoja amejeruhiwa, anaugulia. Adui anapita karibu, unaona buti tu.

Ninachokumbuka baada ya hapo ni kwamba niko chini.

Anaeli alikuwa amenilalia mwili mzima, kiganja chake cha kulia kimeziba mdomo wangu na pua. Wakuu, sio kushika kwa utani. Nilisikia taya linalia. Nikamshika mkono kuutoa, ulikuwa kama nondo. Jasho lake linanidondokea machoni, na ananinong'oneza Kimeru, kwa upole kabisa, kama mtu anayembembeleza mtoto:

"Nyamaza, Petro. Wanapita. Nyamaza kidogo tu."

Mimi sio Petro.

Watu walicheka mwanzoni, walidhani kalewa. Walipoona miguu yangu inapiga benchi ndipo wakamvuta, wanaume kadhaa, na bado hawakumweza haraka. Mtu akavuta blanketi la dirishani, mwanga ukaingia.

Anaeli akaniangalia. Akaangalia kiganja chake. Akatoka.

Jumatatu hakuja mezani. Jumanne hakuja. Taya linaniuma, soko linasema ana mapepo, wengine wanasema bangi. Jumatano nikafunga biashara, nikaenda Tengeru, nikapanda kwa miguu hadi kwake.

Mkewe, mama Neema, alinikaribisha akanipa ndizi. Nikamweleza yaliyotokea. Hakushtuka. Hilo ndilo lililonishtua mimi.

"Shemeji, ina maana ulikuwa hujui?"

Akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha kuhifadhia kahawa. Mle ndani kulikuwa na kitanda cha magunia. Mume wake alikuwa analala pale tangu arudi vitani. Alisema akilala nyumbani hasikii vizuri nani anakuja. Watoto wake walifundishwa tangu wakiwa wadogo: baba haamshwi kwa kuguswa. Unasimama mbali, unatupa kokoto ukutani.

Nilikaa kwenye gogo. Miaka yote ile nakula naye sahani moja.

"Na Petro ni nani?" nikauliza.

"Ni mtoto wa mama wa ng'ambo ya mfereji. Waliondoka pamoja. Huyo hakurudi. Baba Neema yuko huko sasa, anampogolea kahawa. Shamba la yule mama amelilima yeye tangu alipotoka jeshini."

Nikavuka mfereji. Nikamkuta juu ya ngazi, ana msumeno. Aliponiona alishuka, akaangalia taya langu kwanza.

Hakuniomba samahani. Alikaa chini akanisimulia, akiwa ameangalia majani ya kahawa.

Walikuwa wachache, wametangulia mbele. Petro alipigwa risasi ya tumbo. Adui wakaja, wakapita karibu kabisa, na Petro analia. Anaeli akamlalia, akamziba. Wale watu wakapita. Alipotoa mkono, Petro alikuwa ameshakufa.

"Mpaka leo sijui kama ni risasi au ni mimi," akasema. "Mama yake ananiita mwanangu. Anasema Mungu alimchukua Petro akamwachia mimi. Kila akisema hivyo natamani ardhi ipasuke."

Kisha akasema, "Namwambia leo. Jumapili nilikaribia kukumaliza wewe. Siku nyingine itakuwa Neema."

Mkewe alikuwa amenifuata, amesikia. Akamsogelea, sauti ya chini:

"Yule mama ni mzee. Unataka amzike mwanaye mara ya pili?"

"Hajamzika hata mara moja," Anaeli akajibu. "Mimi ndiye ninayejua alipolala."

Nawaambia ukweli, nilitamani kukimbia. Kwetu sisi mama aliyefiwa akikutamkia neno la laana, linakufuata hadi kwa wajukuu. Lakini Anaeli alinishika mkono, tukaenda wote.

Mama Petro alikuwa kivulini mwa ukuta anachambua maharage. Tukamwamkia, akaitikia, akacheka, "Leo mwanangu umeniletea mgeni." Anaeli akapiga magoti. Akasema yote kwa Kimeru, bila kuficha hata mkono ulivyokaa.

Yule mama hakulia. Mikono ilisimama tu juu ya maharage. Nikasikia maji ya mfereji.

Kisha akauliza, "Alikuwa anasema nini ulipomziba?"

"Alikuwa anakuita wewe, mama."

Akainuka, ungo ukamwagika. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Miezi mingi hakumwitikia salamu. Kanisani alihama benchi. Anaeli aliendelea kwenda kulima shamba lile, anamaliza anaondoka, hakuna wa kumwambia ahsante. Alirudi sokoni, amekonda. Tukaendelea kula pamoja, ila sasa alikuwa anaongea. Kidogo kidogo, siku moja neno, siku nyingine stori nzima. Sikuwa na ushauri wowote. Nilikuwa nasikiliza na kuuza suruali.

Siku moja mama Neema akaniambia ameanza kulala ndani. Sio kila siku, lakini ndani.

Banda la video hakuingia tena maisha yake yote.

Mama Petro alifariki miaka kadhaa baadaye. Nilikwenda kuzika. Mnajua desturi: watoto ndio wanaotangulia kutupa udongo, mkubwa kwanza. Binti zake walisimama pale kaburini, hakuna aliyeinama. Mchungaji akasubiri. Binti mkubwa akageuka, akasema mbele ya umati wote:

"Mama ameagiza aanze Anaeli. Amesema ndiye mtoto wake wa kwanza sasa."

Anaeli alikuwa nyuma kabisa, kwenye migomba, karibu na wachimba kaburi. Watu wakampisha njia. Alitembea kama mtu asiyejua kutembea. Alichota udongo kwa kile kiganja cha kulia, akakaa nao hivyo hivyo, hautupi, mpaka binti yule akaja akamshika mkono, wakautupa pamoja.

Ndugu zangu, nilichojifunza ni hiki. Wale watu waliporudi tuliwapigia ngoma, halafu kila mtu akarudi shambani kwake. Siku hizi vijana mnaita trauma, kuna madaktari wake. Sisi tuliita mapepo. Rafiki yako anaweza kukaa karibu na wewe miaka, anatania, anaimba kwaya, na bado amelala kwenye yale majani.

Humu ndani najua wapo ambao baba zao, wajomba zao walikwenda. Walirudi wakiwa hivi? Nani alikaa nao akawasikiliza? Andikeni hapa chini, nitasoma zote.