Nilienda kwa wakili bila ndoa, nimetoka sijui

Jamani! Niko kwenye gari nje ya ofisi ya wakili, mjini Grand Prairie, Texas.

Mimi na Baraka tunaishi pamoja bila ndoa. Nilitaka tu mkataba useme nyumba niliyonunua mwaka jana ni yangu.

Wakili akauliza, "Kwa watu mnajitambulishaje?"

Nikacheka. "Kanisani tulisema sisi ni mume na mke, tusisemwe. Mpaka tuko kwenye kamati ya wanandoa!"

Yeye hakucheka. Akaweka kalamu chini.

"Hapa Texas, hiyo inaweza kuhesabiwa ndoa, hata bila harusi. Na nyumba, ikiwa uliinunua ndani ya ndoa hiyo, ikawa yenu wote."

Ndoa gani? Hata posa sijaletewa!

Wenzangu mliodanganya kama sisi, mko salama?

Baraka anadhani niko kazini. Ametuma ujumbe sasa hivi: "Mke wangu, unatoka saa ngapi?"

Naogopa kuitika.