Siku ya Mfalme, Saa Nane Mchana

Wewe ulikuwa wapi siku aliyokufa Mfalme Joji?

Usiseme umesahau. Kutoka Nachingwea hadi Ruangwa, kila aliyekuwa amepata akili mwaka ule wa hamsini na mbili ana jibu lake, na hulitoa hata kabla hujamaliza kuuliza. Huyu alikuwa anapalilia mtama. Yule alikuwa kisimani, mtungi ukamvunjikia. Mtawala wa mbali, ambaye hakuna hata mmoja wao aliyemwona ila kwenye senti, alikufa kitandani kwake, na habari yake ikavuka bahari na kufika huku kabla ugali wa mchana haujapoa. Siku hiyohiyo habari ya mwanamke mmoja wa Chiola iliondoka alfajiri, ikatembea nusu siku kwenye matope kwa miguu ya kaka yake. Ndivyo tulivyotawaliwa: habari za wafalme zilipita hewani, za kwetu zilipita kwa nyayo.

Mwanamke huyo aliitwa Zena. Mumewe, Saburi, ndiye mtu pekee Chiola nzima aliyeinuka na kuondoka kila swali lile lilipoulizwa. Jibu alikuwa nalo. Lakini kama angelitamka, shemeji yake angeweza kurudi nyumbani, na yeye Saburi asingekuwa na uso wa kubaki.

Saburi alikuwa dereva wa lori. Alijifunza kazi hiyo wakati wa karanga, Waingereza walipoleta matrekta kung'oa msitu mzima ili kwao wapate mafuta ya kupikia. Msitu ukang'oka, karanga zikakataa. Mradi ulipoanguka, wenzake wengi walirudi makwao na shuka moja moja. Yeye alibakizwa kwenye mashamba machache ya majaribio, akiwa na lori la kuendesha na saa ya mkononi aliyoinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anafunga virago. Chiola nzima saa ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa mkononi mwa Saburi.

Siku ile alikuwa kambini Nachingwea anabadilisha gurudumu, jua halijafika utosini, alipomwona Kaimu anakuja, matope hadi magotini. Kaimu na Zena walikuwa wa tumbo moja. Alikuwa kijana mcheshi, mpenda ngoma, mtu ambaye ukimtuma chumvi anarudi na wimbo.

"Shemeji," alisema, "dada anaumwa kidogo. Mama anasema uje."

"Anaumwa kidogo?"

"Kidogo."

Kaimu akatazama chini. Alikuwa amechoka tu, lakini Saburi aliyaona macho yale yakishuka.

Kwa watu wa huku msiba hautamkwi njiani. Mtu haambiwi baba yako amekufa. Huambiwa anaumwa kidogo, njoo. Aliyeambiwa huelewa, hufunga mzigo wake, haulizi neno la pili. Kuuliza "amekufa?" ni kumsukuma mtu kaburini kwa mdomo wako. Saburi aliitwa hivyo kwenye msiba wa baba yake, akaitwa hivyo tena kwenye msiba wa dada yake. Mara zote mbili ilikuwa "kidogo".

"Nimesikia," alisema. "Kaa hapa ule, ulale. Nitakupitia."

Kaimu alikuwa amesema kweli tupu. Zena alikuwa na mimba ya miezi saba, na usiku damu ilikuwa imeanza kumtoka, kidogo. Mama yake, Bi Mwanawetu, alijua mkwewe ana lori, na lori lingemfikisha mgonjwa hospitali ya misheni siku hiyohiyo. Ndiyo maana alimtuma mwanawe mapema vile. Lakini hakutaka kumtia dereva hofu ya kumwangusha njiani, kwa hiyo alimwambia Kaimu aseme hali ilivyo, asiongeze.

Saburi aliomba lori kwa msimamizi wake, akapewa. Lilikuwa na mafuta ya kutosha. Angeelekea Chiola saa ileile, angefika kabla ya saa nane. Lakini mume hafiki kwenye msiba wa mkewe mikono mitupu, wala hafiki peke yake kama mpita njia. Akageuza lori kuelekea madukani, akangoja hadi yafunguliwe tena baada ya chakula cha mchana.

Kwenye baraza la duka la Mhindi alikuwapo fundi cherehani aitwaye Awadhi. Saburi alimwomba ampimie bafta ya sanda.

"Ya mwanamume au ya mwanamke?"

"Ya mwanamke."

"Pole, ndugu yangu." Awadhi hakuuliza zaidi. Alikuwa amefika katikati ya kitambaa na mkasi wake pale redio iliyokuwa inaimba ndani ya duka iliponyamaza, ikaanza kusema kwa sauti nzito. Mwenye duka akatoka, kalamu bado sikioni.

"Mfalme Joji amekufa," alisema. "London wametangaza."

Watu wa barazani wakatazamana.

"Sasa kodi tutamlipa nani?" akauliza mmoja.

"Binti yake."

"Basi hakuna msiba. Msiba ni kodi ikifa."

Wakacheka. Saburi alitazama saa yake, kwa mazoea tu, kama dereva anavyoitazama. Ilikuwa saa nane na dakika chache. Akachukua sanda, ubani na karafuu maiti, akaenda zake.

Alikwenda hadi Marambo kumchukua mjomba wake Salimu, shangazi zake wawili, na mtani wa ukoo, kwa kuwa maziko bila mtani wa kuwatania wafiwa hayana mwenyewe. Wazee hawaondoki upesi. Wakavaa, wakafungasha, wakabishana nani akae mbele. Jua lilikuwa limelala upande waliporudi kambini kumpitia Kaimu.

Kaimu aliamka, akaona mjomba, akaona shangazi wamejitanda kanga hadi usoni. Akafahamu kwamba habari ya pili imemfuata nyuma, ikampita yeye akiwa usingizini. Hakuuliza, na nani angeuliza? Alikaa chini kando ya gurudumu akalia kama mtoto, na Saburi alipomwona analia vile, chembe ya mwisho ya shaka ikamtoka. Kila mmoja alisoma kifo usoni mwa mwenzake.

Walipofika nyumba za kwanza za Chiola, shangazi wakapiga yowe, ile sauti ndefu inayopanda na kuvunjika. Yowe likaingia kijijini kabla ya lori. Bi Mwanawetu akatoka mbio, mikono imejaa damu hadi viwikoni.

"Mnamlilia nani?"

Yowe likakatika. Mtani, aliyekuwa amekwisha kufungua kinywa kwa mzaha wake wa kwanza, alikiacha wazi hivyohivyo.

Saburi aliingia ndani ameinama. Zena alilala kwenye mkeka, uso umekuwa na rangi ya majivu, macho bado yake.

"Nani amekufa?" akauliza.

Saburi akapiga magoti kando ya mkeka.

"Mfalme. Mfalme wa Waingereza."

Zena akamgeukia. "Na shangazi yako ndiyo analia namna ile?" Akajaribu kucheka, kicheko kikaishia shavuni.

Walimpakia kwenye lori, Bi Mwanawetu amempakata kichwa. Hawakufika hospitali. Kabla ya njia panda ya Nanganga, Bi Mwanawetu aligonga kibao cha nyuma ya dereva mara moja, taratibu, na Saburi akasimamisha gari. Sanda ilikuwa kwenye kiti cha mbele, kando yake, imekunjwa vizuri.

Siku ya tatu, baada ya kisomo, wazee waliketi kuuliza. Mtoto wa watu amekufa damu ikimtoka mchana kutwa. Gari lilikuwa wapi? Mjumbe alifika lini? Swali lilikuwa la Saburi kulijibu. Kaimu alikuwa ameketi mbele yake, na Bi Mwanawetu nyuma ya kiambaza cha mianzi, anasikia.

"Alifika saa tisa alasiri," alisema Saburi.

"Shemeji!" Kaimu aliinuka. "Nilifika jua halijafika utosini! Ukaniambia nile, nilale!"

"Kaa chini," alisema mjomba mmoja wa kina Zena. "Jua liko mbinguni, halina shahidi. Mwenzako ana saa."

"Ulipita wapi, Kaimu?" akauliza mwingine. "Kulikuwa na ngoma ya nani njiani?"

Kijana alimwangalia shemeji yake, akimngojea. Saburi aliangalia mkeka. Alijiambia atasema kesho, wazee wakiisha kupoa. Kesho yake akajiambia hivyohivyo. Mtu akijua kusoma saa, wanyonge humwamini kuliko jua. Yeye aliyekuwa mnyonge jana mbele ya Mzungu alifanya lilelile kwa kijana asiye na kitu mkononi.

Bi Mwanawetu hakumlaani mwanawe. Aliacha tu kumwekea chakula. Baada ya mavuno Kaimu aliondoka kwenda kukata mkonge upande wa Lindi, na hakutuma salamu.

Miaka sita ikapita. Saburi hakuondoka kwa wakwe zake wala hakuoa. Kila mwisho wa mwezi alimletea Bi Mwanawetu chumvi na mafuta ya taa, naye alimwita "mwanangu aliyebaki". Neno hilo lilimwingia kama mwiba wa samaki. Alikuwa akiendesha peke yake, dirisha limefungwa, na mara anasikia yowe la shangazi zake likimfuata nyuma ya gari, na ndani ya yowe, sauti ndogo ya mtu anayeuliza nani amekufa. Alisimamisha lori akashuka kutazama nyuma. Hapakuwa na kitu ila vumbi likitulia. Saa aliiuza. Hakuacha kujua saa nane ikifika.

Mwaka wa hamsini na nane Chiola ilikusanyika kumngojea msemaji wa Tanu kutoka Ruangwa. Ilikuwa Jumapili alasiri. Watu walikuja na vigoda vyao, wake kwa waume, Waislamu na Wakristo pamoja, na wengi walivaa kijani. Nguo hizo walishonewa asubuhi ileile na fundi mgeni aliyefika na cherehani nyuma ya baiskeli. Msemaji alichelewa. Watu wakaanza kujipitishia wakati.

"Mimi siku tuliyoambiwa karanga zimekwisha nilikuwa chini ya trekta," alisema Dominiko, fundi wa zamani wa kambini. "Bwana mkubwa akanigonga mguu, akasema toka, hakuna kazi. Nikamwambia, ngoja nifunge nati hii. Akasema, nati ya nini? Mpaka leo ile nati ninayo."

"Ukaiba mali ya serikali!"

"Serikali imeniibia shamba la babu yangu, mimi nimechukua nati. Nani mwizi?"

Wakacheka. "Na siku ya Joji?" mtu akauliza. "Fundi, wewe mgeni, ulikuwa wapi?"

Saburi alikuwa ameketi mwisho kabisa. Aliinuka kama kawaida yake. Kisha akamtambua fundi. Mvi zilikuwa zimemwota, lakini alikuwa yuleyule Awadhi, naye alikuwa anamnyooshea kidole, uso umejaa furaha ya kumwona mtu anayemfahamu.

"Muulizeni huyu! Nilikuwa Nachingwea, namkatia sanda. Masikini, alikuwa amefiwa na mwanamke. Mkasi uko katikati ya bafta, redio ikasema. Hata saa yake aliitazama, si ndiyo, ndugu yangu?"

Hakuna aliyecheka. Bi Mwanawetu alikuwa upande wa wanawake. Hakupaza sauti.

"Saa ngapi, baba?"

"Saa nane mchana, mama. Ndipo London walipotangaza."

"Na sanda ilikuwa ya nani?"

Awadhi akaona nyuso zimebadilika, akafunga mdomo. Saburi angeweza kusema fundi amemfananisha na mwingine. Awadhi mwenyewe alikwisha kuanza kumtengenezea njia: "Labda nimekosea, madereva walikuwa wengi..."

"Hukukosea," alisema Saburi. "Ilikuwa ya Zena. Kaimu alifika kabla ya adhuhuri. Alisema anaumwa kidogo, mimi nikaelewa amekufa. Nilikwenda dukani, nikaenda Marambo. Nilizunguka na gari mchana kutwa, naye alikuwa hai." Akamgeukia Bi Mwanawetu. "Halafu niliogopa, mama. Nikamtwika Kaimu."

Bi Mwanawetu akainuka kwenye kigoda chake.

"Miaka sita nimekula chumvi yako," alisema.

Ndipo gari la msemaji likafika, vijana wakalipokea kwa vifijo. Yule bwana alisema maneno mazuri, ya haki, ya mtu kutohukumiwa kwa kuwa ni maskini, na watu wakaitika "Uhuru!" hadi ndege wakaruka. Saburi alisimama palepale hadi mwisho. Hakuna aliyemfukuza, wala aliyemsogelea.

Asubuhi yake alitoka na mzigo wake begani, bado hajui anaelekea wapi. Aliposhika njia alisikia majembe. Nyumba ya Kaimu ilikuwa haijaguswa tangu mwenyewe aondoke. Paa lilikuwa limeanguka ndani, na magugu yamefika madirishani. Wanawake wanane walikuwa uani wanalima magugu hayo, wamejipanga safu moja. Wawili wengine walikuwa wanatua matita ya nyasi mpya za kuezekea. Bi Mwanawetu alikuwa wa kwanza kwenye safu, amejifunga kanga kiunoni, jembe linapanda na kushuka. Alimwona Saburi amesimama njiani. Akalima hadi mwisho wa mstari wake, akageuka, akaanza mwingine.